Redio za upepo kutoka Guangzhou: Rahisi kununua, si rahisi kuzitumia kwa usalama

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofunga safari kwenda Guangzhou, kusini mwa China, wamezoea kurejea na nguo, vigae, vipuri na simu. Katika mizigo hiyo mara nyingi huwemo pia kifaa kinachoenea kiganjani, chenye antena fupi na kitufe kikubwa ubavuni. Ni redio ya upepo ya mkononi, ambayo mitaani hujulikana zaidi kwa jina la redio koli.

Kifaa hicho huuzwa kwa bei ndogo kuliko ya simu nyingi. Baadhi ya aina hupatikana kwa dola 20 hadi 30 za Kimarekani, na hakihitaji laini, vocha wala mnara wa kampuni yoyote. Kwa mwenye kampuni ya ulinzi, kiongozi wa watalii au nahodha wa boti, faida yake inaonekana dhahiri.

Lakini redio hiyo inapovuka bahari huingia katika sheria nyingine. Mtu aliyeinunua bila kuulizwa swali lolote anaweza kunyang'anywa bandarini, kushtakiwa kwa kurusha mawimbi bila leseni, au, pasipo kukusudia, kuziba sauti ya mtu anayeomba msaada baharini.

Soko la Guangzhou

Redio nyingi za bei nafuu hazitengenezwi Guangzhou kwenyewe. Kampuni ya Baofeng, ambayo redio yake ya UV-5R imeenea duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ina makao yake katika eneo la Quanzhou, mkoani Fujian. Guangzhou ni lango la biashara. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika huko mara mbili kila mwaka, nayo mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli imekuwa kwa miaka mingi makutano ya wafanyabiashara kutoka Afrika.

Idadi ya Waafrika wanaoishi katika mji huo ilipungua sana baada ya janga la corona la mwaka 2020, lakini biashara haikukoma. Wengi sasa huagiza kwa simu, na mzigo husafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa.

Muuzaji wa Guangzhou hana wajibu wa kujua sheria za Tanzania, Kenya au Uganda. Hata nchini China kwenyewe redio hizi haziko huru. Zile ndogo zinazotumia masafa ya megahezi 409 kwa nguvu isiyozidi wati 0.5 zinaruhusiwa kwa umma bila leseni. Redio za ridhaa, yaani zile za watu wanaowasiliana kwa ajili ya kujifunza na si kwa malipo, zinahitaji mtihani na kibali. Daraja la kwanza la kibali hicho, linaloitwa A, humruhusu mtu kutumia masafa yaliyo juu ya megahezi 30 kwa nguvu isiyozidi wati 25.

Kwa hiyo mgeni anayeijaribu redio yake mpya katika chumba cha hoteli, akizungumza na mwenzake aliye ghorofa ya chini, huenda tayari amekwisha kuvunja sheria za nchi aliyoifikia.

Mlango usio na kufuli

Kiini cha tatizo ni upana wa masafa. Redio kama UV-5R inaweza kurusha sauti kuanzia megahezi 136 hadi 174, na tena kuanzia megahezi 400 hadi 480, na kwa baadhi ya matoleo hadi 520. Ni kama nyumba yenye vyumba vingi ambayo milango yake yote imeachwa wazi, ilhali mpangaji amekodishwa chumba kimoja tu.

Chumba cha waendeshaji wa redio za ridhaa ni kidogo. Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, limeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika imo katika Kanda ya Kwanza pamoja na Ulaya, na humo redio za ridhaa zimetengewa megahezi 144 hadi 146, na 430 hadi 440 kwa kuzingatia masharti ya kila nchi. China imo katika Kanda ya Tatu, ambako sehemu ya kwanza hufika hadi 148. Mtu anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Asia au Marekani anaweza kujikuta akizungumza katika masafa ambayo Afrika Mashariki yamepewa watumiaji wengine.

Na watumiaji hao wengine si wa kudharauliwa. Megahezi 156.8 ni chaneli ya 16 ya baharini, ambayo vyombo vya majini duniani kote huisikiliza kwa ajili ya wito wa hatari. Imo ndani kabisa ya uwezo wa redio hizi. Katika bahari ya Zanzibar, ambako MV Spice Islander ilizama mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, watu wawili wanaopiga soga katika masafa hayo wanaweza kumzuia nahodha asisikike, na wao wenyewe wasijue kamwe.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Septemba mwaka 2018, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa onyo la hadharani kwamba ni kosa kuingiza, kuuza au kutumia redio za aina hii ambazo hazijaidhinishwa na zinazoweza kurusha katika masafa yasiyoruhusiwa.

Sheria za nyumbani

Nchini Tanzania masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA, na Uganda ni ya Tume ya Mawasiliano, UCC. Msingi ni mmoja katika nchi zote tatu: kifaa chenyewe kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa, na anayekitumia awe na leseni. Kuwa na stakabadhi ya dukani si kuwa na leseni.

Aliyepata leseni ya ridhaa hupewa jina la mwito linalomtambulisha hewani. Majina ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Z na ya Uganda 5X. Kabla ya uhuru Kenya ilitumia VQ4, Tanganyika VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1, jambo linaloonyesha kwamba shughuli hii si ngeni katika eneo hili. Vyama vya waendeshaji vipo katika nchi zote tatu, ingawa wanachama wake ni wachache.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hukosea. Leseni ya ridhaa hairuhusu kazi za malipo. Kampuni ya ulinzi, hoteli au msafara wa watalii unaopanda Kilimanjaro hauna budi kuomba masafa ya kibiashara, hata kama redio inayotumika inafanana kabisa na ya mwanaridhaa. Aidha, kanuni za kimataifa zinakataza waendeshaji wa ridhaa kuficha maana ya mazungumzo yao kwa lugha ya siri.

Kwa walio ughaibuni mambo hutofautiana. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zina redio ndogo za megahezi 446, zenye nguvu ya wati 0.5, zinazotumika bila leseni. Marekani ina utaratibu wake katika masafa ya megahezi 462 na 467. Anayefikiria kumtumia ndugu yake kijijini jozi ya redio hizo kama zawadi anapaswa kwanza kuuliza iwapo masafa hayo yako huru huko ziendako.

Kabla ya kubonyeza kitufe

Ikiwa leseni ipo, maandalizi yenyewe si magumu. Kwanza ni betri. Nyingi ni za lithiamu zenye volti 7.4, nazo huchajiwa kwa chaja yake yenyewe, mbali na godoro na jua kali. Betri iliyovimba haifai tena. Msafiri wa ndege huweka betri za akiba katika mkoba wa mkononi, na si katika sanduku linaloingia kwenye shehena ya ndege.

Pili ni antena. Hufungwa kwanza, kisha redio ndiyo huwashwa. Kurusha sauti bila antena kunaweza kuunguza sehemu inayotoa nguvu ya mawimbi. Wakati wa kusema, redio hushikwa wima, kipaza sauti kikiwa sentimita tano hivi kutoka mdomoni, na antena ikiwa mbali na macho.

Tatu ni masafa. Njia salama ni kuingiza katika kumbukumbu ya redio masafa yaliyotajwa katika leseni pekee, kufuta yale yaliyowekwa kiwandani, kisha kufunga vitufe ili yasibadilike kwa bahati mbaya. Palipo na kituo cha juu ya mlima kinachopokea sauti na kuirusha upya, redio hupangwa ipokee katika masafa mamoja na kurusha katika mengine, ambayo kwa kawaida hutofautiana kwa megahezi 0.6 katika sehemu ya 144 hadi 146.

Nne ni nguvu. Wati moja ikitosha, hakuna haja ya tano. Nguvu kubwa humaliza betri na kusumbua watu wengi zaidi, wala haivunji ukuta wa maumbile: mawimbi haya huenda kwa mstari ulionyooka. Watu wawili waliosimama ufukweni wataweza kusikilizana kwa takribani kilomita 10. Katikati ya majengo ya Kariakoo au Eastleigh, pengine kilomita moja au mbili. Kupanda kilima husaidia kuliko kuongeza nguvu.

Tano ni adabu ya hewani. Mtumiaji husikiliza kwanza, hutaja jina lake la mwito, husema kwa ufupi na kumwachia mwenzake nafasi. Hazungumzi akiwa kwenye kituo cha mafuta wala karibu na machimbo yanayotumia baruti, kwa sababu mawimbi yanaweza kuamsha viberiti vya umeme vya baruti hizo.

La mwisho ni kwamba redio haina siri. Zipo namba za sauti ambazo wauzaji huzitangaza kuwa zinalinda faragha. Kazi yake ni kumzuia mtumiaji asiwasikie wengine. Hazizuii wengine kumsikia yeye.

Hofu na haja

Swali kubwa zaidi ni la kisiasa. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikafanya hivyo wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025. Katika hali kama hizo ni rahisi kuona redio ya upepo kuwa njia ya kukwepa. Ni njia yenye hatari kubwa. Kila neno husikika na yeyote mwenye kifaa kama hicho, anayerusha anaweza kutafutwa alipo kwa kufuata mawimbi yake, na askari anayeikuta redio isiyo na leseni mkononi mwa raia siku ya machafuko hana sababu ya kuamini kwamba ni ya kuulizia watoto.

Serikali nazo zina sababu za kuogopa, kwani waasi na majambazi hutumia vifaa hivyo hivyo. Lakini hofu peke yake haipunguzi idadi ya redio zinazoingia bandarini. Inapunguza idadi ya wanaojitokeza kusajiliwa na kufundishwa.

China yenyewe iliwahi kupita njia hiyo. Redio za ridhaa zilinyamazishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na kituo cha klabu cha BY1PK mjini Beijing kikarejea hewani mwaka 1982. Tetemeko la Sichuan la Mei 2008, lililoua zaidi ya watu 69,000, lilipokata simu, waendeshaji wa ridhaa walikuwa miongoni mwa waliopeleka taarifa kutoka maeneo yaliyotengwa.

Afrika ina mfano wake pia. Kaskazini mashariki mwa Kongo, katika miaka ya mashambulizi ya kundi la LRA, vijiji viliunganishwa kwa redio za upepo za masafa marefu. Waendeshaji wanaojulikana walizungumza kwa saa maalumu asubuhi na jioni, wakionya vijiji jirani. Chombo ambacho katika eneo hilo kingeweza kumtia mtu mashakani kiliokoa maisha, kwa sababu kila aliyekishika alijulikana ni nani, anazungumza wapi na kwa kazi gani.

Redio za Guangzhou zitaendelea kuja, na bei yake haielekei kupanda. TCRA, CA na UCC zinaweza kuendelea kuzikamata moja moja, au zikafanya mtihani na leseni ya ridhaa vijulikane na kufikika hata kwa mwalimu wa Nungwi, mvuvi wa Kisumu na kijana wa Gulu. Mpaka hilo litakapofanyika, aliyenunua redio Guangzhou anaweza kuiwasha na kusikiliza pale sheria inaporuhusu. Kitufe cha kusema asikiguse kabla ya kuwa na leseni mkononi.