Mto Usioonekana

Kila ninaposahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hukutana na mto ule ule. Maji yake ni maangavu mithili ya kioo, ndege wanaimba kandokando, na sina shaka kwamba aliyeuandika hakuwahi kuuona. Ndiposa ningependa kuwaelekeza walimu wenzangu kwenye mto mwingine, Greta, kaskazini mwa Uingereza.

John Sell Cotman aliuchora kwa rangi za maji katika picha iitwayo Greta Bridge, mnamo 1805 hivi, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Picha hiyo imehifadhiwa katika British Museum, London. Mna daraja la mawe lenye tao moja, nyumba, miti, na mawe makubwa mtoni. Basi. Hamna dhoruba wala kilele cha kutisha, mambo yaliyopendwa mno katika enzi ile ya ulimbwende.

Anayetumia rangi za maji hana fursa ya kufuta ovyo. Rangi ni nyepesi, na weupe aghalabu ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Cotman alitandaza tabaka moja, likakauka, kisha jingine, kwa mipaka iliyo wazi. Ilimbidi aamue mapema ni wapi asipake kitu. Wanafunzi wetu tumewafunza kuongeza, kuacha hatujawafunza.

Wapo watakaodai kwamba mtoto hujifunza kwa kuiga. Sikatai. Cotman mwenyewe alikuwa mwalimu sehemu kubwa ya maisha yake, na mnamo 1809, huko Norwich, alianza kuazimisha michoro kwa ada ili wanafunzi wainakili. (Picha zake hazikumtajirisha, alikula jasho la ualimu, jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa.) Lakini mwenye michoro ile alikuwa mtu aliyefika mtoni. Orodha za misemo tunazowakaririsha watoto zimenakiliwa kutoka orodha nyingine, nayo kutoka nyingine.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya insha ijayo, mwalimu na awatoe wanafunzi nje, hata kama ni kwenye mtaro ulio nyuma ya jiko la shule, wautazame robo saa bila kalamu mkononi. Atakayeandika kwamba maji ni ya kijivu na yamebeba maganda ya viazi, tumpe alama zake.