Ubingwa uliotekwa mezani

Orodha ya mabingwa wa ligi ya taifa ya soka ya wanawake nchini Uingereza inaanza msimu wa 1991-92, Doncaster Belles wakiongoza. Hata hivyo, wanawake hawakuwa wageni wa kabumbu. Desemba 26, 1920, mashabiki 53,000 walifurika uwanjani Goodison Park kuwatazama Dick, Kerr Ladies. Mwaka uliofuata FA ikawafungia wanawake viwanja vya klabu zake kwa takriban nusu karne.

Belles nao yakawafika. Kwa msimu wa 2014 waliteremshwa daraja, si kwa kichapo bali kwa karatasi, huku Manchester City wakipewa leseni ya ligi kuu. Mnamo 2018 walitwaa ubingwa wa daraja la pili, kisha wakajiondoa kwa uhaba wa fedha.