Usalama wa Wazee: Simu, Wageni na Kidole cha Gumba

Katika nyumba nyingi za Uganda zilizotoa kijana jeshini, simu inayolia kabla ya mapambazuko huwashtua watu wote. Tangu Machi 2007, majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia, mama wa askari amezoea kulala na simu chini ya mto. Walaghai wanalijua jambo hilo vyema, nao wamelifanya mtaji wao.

Sauti ya heshima humwamkia mzee, humtaja mwanawe kwa jina, kisha hujitambulisha kuwa ni afisa au daktari wa jeshi. Mwana amejeruhiwa, yasemwa, naye analetwa hospitali; zatakiwa fedha za damu na dawa kabla ya saa nne, zipelekwe kwa namba hii, wala asiambiwe mtu, kwa kuwa mambo ya jeshi ni siri. Mama huuza mbuzi wawili kwa bei ya hasara na kumtuma mjukuu mbio kwa wakala. Jioni mwana mwenyewe hupiga simu, mzima, akiuliza kama mvua imenyesha.

Jina la mwana si ushahidi. Jina hilo, pamoja na kikosi chake, husikika kilabuni, kwenye teksi na matangani, na aliyeiba simu ya jirani huyakuta majina yote yameandikwa ndani. Askari aliyejeruhiwa kazini hutibiwa na jeshi. Mzazi hadaiwi bei ya damu kwa simu. Kwa hiyo ni vema askari, kabla ya kuondoka, akae na mama yake na kumwachia swali moja ambalo jibu lake halijulikani nje ya nyumba yao: kwa mfano, jina la ng'ombe aliyeuzwa ili yeye apelekwe shule. Mpiga simu asiyemjua ng'ombe huyo na akatwe mara moja, hata akijiita jenerali. Baada ya hapo mzee apige namba anayoijua ya mwanawe, au ya familia nyingine yenye mtu katika kikosi kile kile.

Hila nyingine ilizuka baada ya huduma ya kutuma fedha kwa simu kuanza nchini mwaka 2009. Ujumbe huingia ukidai kwamba shilingi kadhaa zimepokelewa. Punde mtu hupiga akilia kwamba amekosea namba, arudishiwe. Mzee mwenye huruma hurudisha, kumbe anatoa zake mwenyewe, maana ule ujumbe uliandikwa kwa mkono wa mwizi. Dawa yake ni kutazama salio kwanza. Asiyeona vizuri asimpe wakala simu pamoja na namba ya siri, ingawa wengi hufanya hivyo kila siku. Afuatane na mtu wake wa nyumbani. Na hapa neno moja chungu lazima lisemwe: mara nyingine mwizi ndiye huyo wa nyumbani. Mjukuu anayejua namba ya siri ya bibi kwa miaka miwili ni mtihani kwa bibi na kwa mjukuu pia, hivyo ni busara namba ibadilishwe.

Siku ya malipo ya ruzuku ya wazee, iitwayo SAGE, nayo ina hatari yake. Kiwango ni shilingi 25,000 kwa mwezi, lakini miezi kadhaa ikilipwa kwa pamoja, kijiji kizima hujua ni nani atakayerudi na fedha mfukoni. Wazee na waende wawili watatu, warudi mapema, na kijana wa bodaboda awe yule anayejulikana mtaani.

Fedha zikipotea, huenda zikapatikana nyingine. Ardhi ni shida zaidi. Mzee asiyejua kusoma huletewa karatasi inayosemekana kuwa ya mbolea au ya msaada, akabonyeza kidole cha gumba, na miezi michache baadaye mgeni huja kupima kibanja. Sheria inayowalinda wasiojua kusoma yamtaka anayewaandikia hati aandike humo jina lake la kweli na anwani yake kamili. Basi mzee aulize mbele ya mashahidi: nani ameiandika? Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 hairuhusu ardhi ambayo familia inaishi au kujipatia riziki iuzwe bila idhini ya mke au mume. Karatasi ya haraka, isiyoweza kungoja hadi mwenyekiti wa LC1 na watoto waitwe, haistahili kidole cha mtu.

Wengi waliolaghaiwa hunyamaza kwa aibu, wakiogopa kuitwa wajinga na watoto wao. Siku tatu za kimya humtosha mwizi kutoa fedha zote na kuitupa laini. Aliyeibiwa aiarifu kampuni ya simu saa ile ile, ujumbe wowote asiufute kamwe, kisha aende kituoni au apige 999. Kufungua mashtaka polisi hakulipiwi. Na askari wa zamu, anapomwona bibi akiingia na kasimu kake katika kitambaa, ampe kiti kwanza, kisha amwache aeleze kwa lugha yake tangu mwanzo hadi mwisho, hata akianza na habari za mbuzi.