Eti Jamii Ielimishwe

Kuna sentensi nimeiandika mpaka vidole vinaijua: jamii inapaswa kuelimishwa kuhusu madhara ya taka za plastiki. Wahariri wanaipenda, inafunga habari vizuri. Kwenye tamthilia za mashindano nako imo. Bibi anatupa mfuko, kijana msomi anatokea kumfundisha, makofi.

Mama yangu anakaa Kigogo, Dar es Salaam. Semina ya mazingira haijui. Nyuma ya mlango wake kuna kiroba cha chupa za maji zilizokanyagwa zikabonyea. Mnunuzi anapita na mzani, anazichukua kwa kilo. Dumu likitoboka linakatwa, linapandwa mchicha. Rambo, kabla hazijapigwa marufuku Juni 1, 2019, alikuwa anazifua, anazianika kambani, kisha anazikunja chini ya godoro. Huyo ndiye tunataka kumwelimisha?

Tatizo ni kile kinachobaki: pakiti za sabuni, za biskuti, za maziwa. Mnunuzi hazitaki. Ni nyepesi, chafu, na nyingine ni matabaka ya vitu tofauti yaliyogandishwa pamoja, kuyatenganisha ni kazi. Marufuku ya 2019 ililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa. Kwa hiyo pakiti inaingia ndani kihalali kabisa, ila mlango wa kutokea haina. Inabaki moto au mtaro. Masika yakianza mtaro unaimwaga Mto Msimbazi, halafu Jangwani pakifurika tunaanza kutafutana uchawi.

Mwenye kiwanda cha hiyo pakiti sijawahi kumwona jukwaani akifundishwa na kijana msomi. Wala mimi sijawahi kumpigia simu, niseme ukweli. Kumpata bibi ni rahisi zaidi, na hana wakili.

Juzi nilimkuta mama anawashia mkaa kwa pakiti ya sabuni. Nikaanza hotuba yangu: moshi, kifua, wajukuu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakohoa.

"Hayo nayajua, mwanangu. Wajukuu si nimewatoa nje? Gari la taka wiki ya tatu halijapita, na hela ya mwezi wameshachukua. Haya, wewe uliyesoma, niambie niziweke wapi."

Nikajifanya napokea simu. Usiku ule nilikuwa na habari ya kupeleka, ya usafi wa mitaa. Nendeni mkaisome, mstari wa mwisho mtaujua.