Mnafundisha Sarakasi, Hamfundishi Densi

Anayeanza brekidansi hapa Nairobi hufundishwa kuzunguka kabla ya kufundishwa kushuka. Nimelisema na nitalirudia mpaka mnichoke. Wiki ya kwanza anaonyeshwa windimili. Wiki ya pili anajaribu kuzungukia kichwa. Wiki ya tatu bega limevimba, amerudi nyumbani, na hatumwoni tena. Mwulize atoke vipi kwenye toproki, zile hatua za kusimama, mpaka afike sakafuni, naye anajibwaga kama gunia la viazi linaloshushwa Marikiti.

Simu zimechangia, hilo halina ubishi. Kile kipande cha sekunde 15 kinaanza mtu akiwa miguu juu tayari, na kinakatika kabla hajainuka. Alifikaje pale chini? Alitokaje? Hicho kilichokatwa ndicho mimi, mwanagenzi wa miaka 31 mwenye magoti ya kazi ya ofisi, nilichokuwa nakitafuta. Lakini mwalimu hana kisingizio cha simu. Yeye yuko mbele yetu, mzima mzima, na bado anaturukisha.

Na ajabu ni kwamba densi yenyewe ilizaliwa kwenye maungio. Sherehe inayotajwa kila mara ni ile ya DJ Kool Herc na dadake Cindy, Bronx, tarehe 11 Agosti 1973. Herc aliona wachezaji wakisubiri ile sehemu fupi ambapo waimbaji wananyamaza na ngoma inabaki. Akawa anatumia nakala mbili za santuri ileile: sehemu hiyo ikiisha kwenye moja, inaanza upya kwenye nyingine, watu wasipoe. Yaani kazi ya DJ ilikuwa kuunga. Sasa mchezaji wa muziki huo anafundishwaje vipande vilivyotengana?

Mtaniambia dunia inataka maajabu. Haya, twendeni Paris 2024. Majaji wa Olimpiki walikuwa na vigezo 5 vyenye uzito sawa: ufundi, wingi wa miondoko, utekelezaji, ubunifu na usikivu wa muziki. Dhahabu ya wanawake ilimwendea Ami wa Japani, na ukimtazama akicheza ni vigumu kuonyesha kwa kidole mahali mwondoko mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Wengi wenu mlibaki na vichekesho vya yule mwakilishi wa Australia. Mimi nilibaki na Ami.

Hebu tuongee kazi yenyewe. Kushuka kunafundishika, na hakuhitaji mkeka wa bei. Unapitisha mguu mmoja nyuma ya goti la mwingine. Ule uliobeba uzito unaukunja polepole. Ubavu wa mguu uliofichwa ndio unaogusa chini, halafu mkono unapokea. Goti lenyewe halipigi saruji. Hapo uko tayari kuingia kwenye hatua sita, ile duara ambayo miguu inatembea kuzunguka mwili huku mikono ikipokezana uzito. Mwanagenzi hukwama kwa sababu anang'ang'ania mikono yote miwili chini, kisha anashangaa mguu haupati njia. Mkono ulio njiani uinuke! Makalio yasikalie sakafu. Na kama unataka kumaliza kwa kuganda, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni, basi kiwiko hicho kiwe kimeshaanza safari wakati mguu bado unapita. Ukingoja mguu ufike ndipo ukikumbuke kiwiko, mdundo umeshakuacha.

Kipimo changu ni kimoja. Mwambie mwanafunzi atulie popote katikati ya safari hiyo, kwa hesabu mbili. Akitulia, anaumiliki mwili wake. Akianguka, kasi ndiyo iliyokuwa ikimbeba. (Windimili haina budi kutegemea kasi, nakubali, na ndiyo maana haifai kuwa somo la kwanza.)

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Wasee wanaochezea barabarani wanasema mpita njia hatoi shilingi 50 kwa sababu umeshuka vizuri. Anatoa akiona kichwa kinazunguka. Ni kweli, na sina haki ya kumwambia mtu aache chakula chake. Ila huyo ana shingo iliyozoea, ya miaka. Mtoto wa miaka 12 aliyekuja juzi hana. Anajirusha juu ya simiti iliyotandikwa boksi la kabichi, na akivunjika mkono, anayelipa ni mamake, si mwalimu aliyekuwa anarekodi.

Tena angalieni ni nani wanaoondoka mapema. Wasichana walioambiwa hawana nguvu za mikono. Wanene. Sisi wenye umri. Sote tungeweza kushuka, kuzunguka sakafu kwa hatua sita na kuinuka ndani ya mdundo, tukawa wachezaji kamili, kabla hata ya kuota kusimamia kichwa.

Basi mwalimu, Jumamosi hii fanya hivi: weka simu mfukoni, punguza kasi ya muziki, na darasa lote lishuke na kuinuka mara 20 kulia, mara 20 kushoto. Hakuna kuzunguka. Wakilalamika kwamba inachosha, cheza nao. Manze, hata wewe tunataka kuona ukishuka.