Hodi ya Simu na Haki ya Mwenye Mlango

Majuzi niliingia katika mkahawa mmoja mdogo hapa Malindi, nikitaka chai ya tangawizi na mahamri mawili. Ukutani, pale ambapo tangu zamani tulizoea kusoma "Kukopa harusi, kulipa matanga," palikuwa na karatasi mpya iliyosema: "Fungua simu, waonyeshe rafiki zako kwamba uko hapa, upate soda bure." Kijana mmoja aliingia nyuma yangu. Hakutoa salamu. Aliinua simu, akabonyeza mara mbili tatu, akamwonyesha mwenye mkahawa kioo cha simu yake, naye akapewa soda baridi. Rafiki zake walioko Nairobi, na labda wengine walioko ng'ambo, walikwisha kujua kwamba yupo Malindi kabla yetu sisi tulioketi naye meza moja.

Sikukasirika, maana soda ni halali yake na biashara ni ya mwenyewe. Lakini nilikunywa chai yangu polepole nikijiuliza: hii aliyoipiga kijana huyu si hodi? Na kama ni hodi, imepigwa kwa nani, na nani aliyeitikia?

Sisi watu wa pwani tumelelewa na hodi. Chuoni, kabla hatujahitimu Juzuu Amma, mwalimu alikwisha kutufundisha kwamba hodi hupigwa mara tatu, na mtu asipoitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Ndani ya hodi mna mambo mawili. La kwanza, ajaye hujitambulisha. La pili, mwenye mlango ana haki ya kusema karibu au kunyamaza. Likikosekana moja kati ya hayo, hiyo si hodi tena. Ni kelele, au ni uvamizi.

Mtindo huu wa kutangaza kwa simu mahali ulipo una historia yake. Mwezi wa Machi 2009, Dennis Crowley na Naveen Selvadurai wa New York walitoa programu ya simu iliyoitwa Foursquare. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Simu husikiliza ishara za satelaiti zilizo juu yetu yapata kilomita 20,000, ikapiga hesabu na kujua iko wapi. Kisha humletea mwenye simu orodha ya maduka, mikahawa na hoteli za karibu. Yeye huchagua alipo, akabonyeza, na rafiki zake wakapata habari. Kila abonyezapo huhesabiwa. Aliyefika mahali siku nyingi kuliko wenzake katika muda wa siku 60 alitawazwa kuwa "Meya" wa mahali hapo. Umeya usio na kura wala mshahara, lakini watu waliugombea!

Wafanyabiashara hawakulala. Mwaka 2010 kampuni ya kahawa ya Starbucks huko Marekani iliwapunguzia Mameya wa maduka yake dola moja katika bei ya kinywaji cha Frappuccino. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo Facebook nayo ikawaletea watu wake mtindo huo. Wengine hawakudumu. Gowalla, iliyokuwa mshindani wa Foursquare, ilifungwa mwaka 2012 baada ya wenyewe kuchukuliwa na Facebook. Foursquare yenyewe iliihamisha hodi mwaka 2014 kwenye programu nyingine iitwayo Swarm, na mwaka 2024 ikaifunga ile programu yake ya kuwaongoza watu mijini. Majina hufa, tabia hubaki. Leo mtu akipiga picha Watamu huitia Instagram pamoja na jina la hoteli; akila samaki Kilifi huacha maoni yake katika ramani ya Google. Ni hodi ileile iliyovaa kanzu nyingine.

Wala tusidhani kwamba mambo ya satelaiti ni ya watu wa mbali tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini hapa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wamarekani na Waitaliano walirusha satelaiti ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilipaa siku ya sikukuu yetu. Si hiyo inayoielekeza simu yako, lakini wavuvi wa Ngomeni waliona vyombo vikienda angani wakati watu wa miji mingi mikubwa hawajaona hata kimoja. Ugeni wa mambo haya kwetu si wa macho. Ni wa kutojua faida yake inakwenda kwa nani.

Mwenye biashara apata nini kwa hodi ya simu? Kwanza, apata mtangazaji asiye na mshahara: mteja mmoja anapobonyeza, rafiki zake wengi huliona jina la mkahawa, na mtu humwamini rafiki yake kuliko bango la barabarani. Pili, mteja hupata sababu ya kurudi, maana akifika mara ya tano ana chakula cha bure au punguzo. Tatu, mwenye biashara hujua watu huja saa ngapi, siku gani, na wakitoka hapo huelekea wapi. Wakenya tumekwisha kuizoea nusu ya mchezo huu. Tangu mwaka 2007 tunahesabu pointi za Bonga za Safaricom, na wengi wetu tulibeba kadi ya Smart ya maduka ya Nakumatt mpaka maduka hayo yalipofilisika.

Lakini hila hii njema ya kumvuta mshitiri arudi haikuletwa na simu. Nilipokuwa mtoto nikitumwa sukari, muuzaji akishaifunga katika gazeti alinitilia mkononi peremende moja au kipande cha halua. Nyongeza ile ndiyo iliyonifanya niyapite maduka mawili ya karibu niende kwake. Alijua mengi juu yetu: nani ana mgeni, nani ameishiwa, nani hajalipa deni la mwezi uliopita. Yote yaliandikwa katika daftari lililokaa ndani ya mtoto wa meza. Na sisi tulimjua yeye. Tuliijua nyumba yake, tulikula pilau ya harusi ya binti yake, na siku aliyofariki babu yangu duka lake lilifungwa mpaka tulipotoka makaburini. Alitujua, tulimjua. Hiyo ndiyo iliyokuwa amana baina yetu.

Katika hodi ya simu yumo mtu wa tatu, ambaye pale mkahawani sikumwona. Mteja ametoa habari zake, mwenye mkahawa ametoa soda yake, na huyu wa tatu ndiye aliyeondoka na daftari. Nitatoa mfano. Mwezi wa Aprili 2016 Foursquare, kwa kuhesabu nyayo za watu tu, ilitabiri kwamba mauzo ya mikahawa ya Chipotle huko Marekani yangeshuka kwa karibu asilimia 30 katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huo. Kampuni ilipotoa hesabu zake, mauzo ya mikahawa yake iliyokuwapo tangu mwaka uliotangulia yalikuwa yameshuka kwa asilimia 29.7. Tazama maajabu haya: mtu asiyeshika hata sufuria jikoni aliijua hali ya biashara kabla mwenyewe hajaitangaza. Na hiyo ndiyo kazi inayoilisha Foursquare siku hizi, kuwauzia makampuni maarifa ya watu wanakokwenda. Umeya ulikuwa peremende.

Hapa Malindi tuna ukumbusho wa zamani wa jambo hili. Ile nguzo ya Vasco da Gama iliyo juu ya mwamba wa bahari ni nini, ila mgeni kusema "nilifika hapa"? Alikuja mwezi wa Aprili 1498, akakaribishwa vyema, akapewa rubani aliyemvusha bahari mpaka Calicut, Bara Hindi. Mgeni alipata njia ya utajiri wa Mashariki. Sisi tulipata nguzo.

Hata hivyo sitaki nifahamike vibaya. Siwaambii wafanyabiashara wa Malindi na Kilifi waitupe simu. Masika inaponyesha na upepo wa kusi kuvuma, hoteli nyingi hufunga milango, na vijana wetu hurudi majumbani bila ya kazi. Mwenye hoteli kubwa ana wakala wake Milano. Mwenye mkahawa wa vyumba viwili hana, na ramani ya simu ndiyo wakala wake. Namjua mama mmoja auzaye viazi vya karai kando ya njia. Mjukuu wake alimtia katika ramani, na sasa watu wa Nairobi humjia moja kwa moja, hata siku ambazo wenyeji wamekaa ndani kwa mvua. Ada ya shule ya mjukuu huyo imelipwa kwa viazi hivyo. Nani atakayesema hiyo si heri?

Ila mama huyo aliwahi kuniuliza jambo ambalo sikuwa na jawabu lake. Aliuliza kwa nini baadhi ya wageni wake humpiga picha kwanza, wakaitangaza, kisha ndipo wakamwamkia. Na wengine hawamwamkii kabisa. Simu imewaonyesha alipo, haikuwafundisha adabu ya kufika.

Na hilo ndilo kiini cha maneno yangu. Kujulikana mahali ulipo ni jambo zito kuliko soda. Mwaka 2010 vijana wa Uholanzi walifungua ukurasa wa intaneti wenye jina la Please Rob Me, yaani "Tafadhali niibie," wakikusanya hodi ambazo watu wenyewe walizitangaza. Walitaka kuwazindua kwamba mtu akitangaza yuko mkahawani, ametangaza pia kwamba nyumbani hayupo. Sisi hatuhitaji kwenda Uholanzi kutafuta somo. Wagiriama waliwasimamishia wazee wao waliofariki vigango, kila kimoja mahali pake. Walanguzi walipojua vilipo, viling'olewa usiku vikauzwa, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilirejeshwa mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30. Vingi bado havijarudi. Leo kijana akiingia katika kaya takatifu bila ya idhini ya wazee, akapiga picha na kuitia alama ya mahali, amewafungulia watu asiowajua mlango usio wake. Kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Urithi wa dunia haumaanishi mlango wazi.

Basi mfanyabiashara afanyeje? Nitampigia hodi tatu.

Hodi ya kwanza: omba ridhaa, na uiombe kwa lugha aijuayo mteja. Kwenye karatasi ya soda andika pia kwamba si lazima, na ueleze habari zake zitakwenda wapi. Hii si adabu peke yake. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na ina meno. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza mtandaoni picha ya mteja bila ya ridhaa yake. Ni soda ngapi hizo?

Hodi ya pili: mlinde asiyekuwa na simu mkononi. Mteja anayetaka kujitangaza ana hiari yake, lakini meza ya pili pengine yupo bibi na mumewe, au mtu aliyemkimbia mdai wake, au mimi na chai yangu. Ridhaa ya mmoja si ridhaa ya mkahawa mzima.

Hodi ya tatu: shika daftari lako mwenyewe. Usiwaache wateja wako wote mikononi mwa programu ya watu usiowajua, kwa maana siku programu hiyo itakapofungwa, kama Gowalla ilivyofungwa, utabaki na chupa tupu za soda. Anayekubali, andika jina lake. Mjue kwa sura. Akiadimika, uliza hali yake. Akifiwa, nenda. Pointi humrudisha mtu dukani. Kuzikana ndiko kumfanyako awe jamaa wa duka.

Nilipomaliza chai nilimwita mwenye mkahawa, nikamwomba ruhusa niongeze mstari mmoja chini ya karatasi yake. Alicheka, akanipa kalamu. Nikaandika: "Ukipenda. Na salamu kwanza." Nilipopita siku ya pili niliikuta karatasi ingali pale, na mstari wangu haujafutwa. Kwa heshima hiyo namwachia yeye na wenzake ubeti huu:

Hodi yapigwa mlango, mwenyewe akafungua,
Si kwa hila na uwongo, habari kuzichukua,
Mteja hana kinyongo, haki yake akijua,
Biashara bila utu, ni duka lisilo njia.