NYUMBANI NA SHULENI: Funika Majibu kwa Kiganja

Jumapili moja watu walipokuwa wakitoka kanisani, mama mmoja wa hapa Muheza alinijia na daftari la mtoto wake mkononi. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Mwanangu yuko darasa la saba. Hesabu anaweza. Hadithi ukimsomea atakusimulia yote bila kuruka neno. Lakini tazama hapa." Nikatazama. Katika maswali kumi ya kujaza nafasi kwa neno la kuunganisha, amepata matatu. "Nami Kiingereza sikijui," mama akaendelea, "na sarufi ya Kiswahili nimekwisha isahau. Nimsaidieje?"

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yako wewe uliye na mtoto wa namna hiyo, maana ni wengi. Mtoto huyo si mjinga. Ajua maana ya maneno yote yaliyo katika swali, ila hajui swali lamwuliza nini.

Hata mimi nilikosea miaka mingi. Niliwaandikia watoto ubaoni "lakini, ingawa, kwa sababu, kwa hiyo, bali, wala, ili," nikawaambia wakariri. Walikariri vizuri kabisa, wakaendelea kukosa. Maneno ya namna hii ni kama fundo: fundo halina kazi pasipo kamba mbili, na atakaye kulijua sharti azitazame kamba kwanza.

Kwa hiyo mtoto na afunike majibu kwa kiganja. Asome yaliyo kabla ya nafasi, asome yaliyo baada yake, kisha ajiulize kwa maneno yake mwenyewe: hili la pili lafuata njia ya la kwanza, au lageuka? Au moja limezaliwa na jingine? Akishajua, ndipo ainue kiganja na kutafuta neno lifanyalo kazi hiyo. Akianza na majibu, kila moja litamwonekania kuwa lafaa, maana yote ameyasikia tangu utoto.

Wengi huanguka penye sababu. Tazama: "Barabara ya Amani iliharibika ____ mvua ilinyesha sana." Tazama na hii: "Mvua ilinyesha sana ____ barabara ya Amani iliharibika." Mambo ni yale yale mawili. Mtahini ameweka "kwa sababu" na "kwa hiyo" pamoja, na mtoto, akiona tu kwamba hapa pana sababu, achukua lile linalotangulia machoni pake. Mwulize: kipi kilianza, mvua au ubovu wa barabara? Mvua. Basi mvua ikija baada ya nafasi, neno ni "kwa sababu". Ikija kabla ya nafasi, ni "kwa hiyo". Mrudishe hapo mara nyingi, kwa mifano ya nyumbani kwenu.

Mara nyingine umbo la neno la jirani humwambia jibu. "Alikwenda sokoni ____ auze machungwa." Sikiliza mwisho wa "auze": bado hajauza, ni kusudi lake tu, basi jibu ni "ili". Nalo "bali" hutaka jambo likanwe kwanza: "Hakwenda Tanga, bali alikwenda Korogwe." Kama hakuna kukana huko mwanzo, na aliache.

Watoto hupeana siri kwamba majibu mawili yenye maana moja yote ni makosa, kwa kuwa jibu ni moja tu. Siri hiyo ni nzuri nusu. Akiona "ingawa" na "ijapokuwa" pamoja, ayaache yote mawili. Lakini "ingawa" na "lakini", ijapokuwa yote hugeuza habari, hayakai mahali pamoja. Twasema, "Ingawa alikuwa mgonjwa, alifika," au, "Alikuwa mgonjwa, lakini alifika." Yabadilishane uone sentensi itakavyochekesha.

Hapo ndipo penye shimo la Kiingereza. Katika mazungumzo yetu mtu husema, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda," wala hapana anayegutuka. Mtoto huichukua desturi hiyo mpaka kwenye karatasi ya Kiingereza, akaandika "although" mwanzo na "but" katikati. Kiingereza hakikubali yote mawili, achague moja. Na "unless" tayari limebeba kukana tumboni mwake, maana yake ni "kama si". Akiongeza "not" upande ule ule wa "unless", amekana mara mbili, na maana imegeuka.

Maneno haya hufaa pia pale mtoto anapopewa sentensi nne zilizochanganywa azipange. Jaribu hizi: (A) Hata hivyo, alifika kabla ya kengele. (B) Asubuhi moja mtoto alichelewa kuamka. (C) Kwa hiyo akatoka mbio bila kunywa chai. (D) Njiani akateleza topeni mara mbili. Sentensi ianzayo na "hata hivyo" au "kwa hiyo" haiwezi kuwa ya kwanza, kwa kuwa yaitikia jambo lililokwisha kusemwa. Basi B ndiyo ya kwanza. C yaitikia kuchelewa, D ni matata ya njiani, na A yaitikia matata hayo.

Sasa, mama asiyejua Kiingereza afanye nini? Kazi kubwa yaweza kufanywa kwa Kiswahili, jikoni, mkimenya muhogo. Sema jambo moja, kisha sema "lakini," unyamaze, mtoto amalize. Kesho sema lile lile, umalizie kwa "kwa hiyo". Jumapili, Waraka wa Mtume Paulo ukisomwa, mwambie asikilize "basi" na "kwa maana", kisha nyumbani mwulize kila moja lilifunga nini na nini. Paulo ana mafundo mengi kuliko kitabu chochote cha mazoezi.

Katika mtihani wa darasa la saba mtoto hutia kivuli kwenye herufi kwa kalamu ya risasi, na mashine husoma. Mashine haioni kwamba alijua nusu. Swali likimshinda, aliwekee alama ndogo katika karatasi ya maswali, aendelee, kisha alirudie. Na aangalie sana asije akatia kivuli cha swali la 12 kwenye mstari wa 11.

Yule mtoto tuliketi naye pale pale chini ya mwembe. Kwa kufunika majibu alisahihisha manne. Moja akanibishia, nami nilipolisoma tena nikaona ana haki: majibu mawili yalifaa, kosa ni la aliyetunga zoezi. Mazoezi mengine yauzwayo ni ya haraka haraka. Mtoto akikubishia, msikilize kabla ya kumkemea.

Haya matatu wajaribu watoto wenu, viganja vikiwa juu ya majibu. Majibu yatatoka juma lijalo.

1. Hakula ____ hakunywa tangu asubuhi. (bali, wala, ili, ingawa)
2. Tulipanda mapema ____ mvua zisituache nyuma. (kwa sababu, lakini, ili, kwa hiyo)
3. ____ basi lilichelewa, tuliwahi ibada. (Lakini, Kwa hiyo, Ijapokuwa, Bali)